Kosa Dogo la Fundi wa Makochi

Sehemu ya saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, usijali. Nitakusogeza haraka, maana hata mimi mwenyewe nimechoka kuisimulia hii habari.

Mimi ni fundi wa makochi. Nilihukumiwa kifungo kwa kupatikana na bastola bila kibali. Nikakaa ndani, nikatoka kwa dhamana kusubiri rufaa, na tuliishia mlangoni kwa wakili wangu akiniambia tarehe imetoka.

Bastola si yangu. Niliikuta ndani ya kochi la mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, aliponiletea nibadilishe sponji. Hilo tunalijua wawili tu, mimi na wewe unayesoma. Mahakama ya chini niliwaambia nimeikuta kwenye kochi la mteja. Wakaniuliza mteja gani. Nikafunga mdomo, nao wakanifunga mimi.

Mke wangu anaamini namficha jambazi fulani. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeamini hivyo hivyo.

Haya, tuendelee.

Asubuhi ya rufaa mke wangu alinipigia pasi shati bila kunisemesha. Alipomaliza akalitundika kwenye kitasa cha mlango, akasema amechoka. Hakusema amechoka na nini. Ningemuuliza angeanza na mimi, kwa hiyo sikuuliza.

Nilipokuwa nafunga vifungo ndipo akanigeukia.

"Leo ukirudishwa ndani kwa sababu ya huyo mtu wako, usinitafute pale getini kwa gereza. Nimesimama pale vya kutosha. Watoto nitawaambia umesafiri, na mimi nitaanza maisha."

Alisema kwa sauti ya chini kabisa. Mke wangu akipiga kelele huwa sina wasiwasi, hasira itapita. Akisema taratibu namna ile, ujue ameshapanga.

Sebuleni mkwe wangu alikuwa ameshafika, kavaa viatu vyake vya kutokea, mkoba mapajani. Tangu nikamatwe hakukosa siku ya mahakama hata moja. Nilipokuwa ndani aliniletea sabuni na fulana, akavumilia kupekuliwa na askari wadogo kuliko binti yake, na magoti yale mabovu. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama shati, akaridhika nalo.

"Mwanangu," akasema, "huyo unayemficha angekuwa na utu angekuja mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Ningejibu nini kingine?

Wakili wangu ni binti mdogo, mwembamba, anatembea kama anawahi kitu hata akiwa ameshafika. Alitukuta kwenye korido ya mahakama, akanivuta pembeni, akaniambia mambo yalivyo. Leo hatusemi sina hatia. Hilo tulilisema mahakama ya chini na unaona lilikotufikisha. Leo tunasema kosa nimelifanya, ila ni dogo mno, dogo kiasi kwamba haikustahili kumfunga mtu. Sheria inao mlango huo. Jaji akiridhika kwamba kosa ni dogo, ananiachia nikalale kwangu.

"Kwa hiyo leo wewe ni mtu mdogo mwenye kosa dogo," akasema. "Na usifungue mdomo. Kwenye rufaa anayesema ni mimi."

Nikamwambia hilo la kuwa mtu mdogo halinipi shida, nimelizoea. Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nawaza kwamba nimelala ubavu mmoja miezi yote ile, kwa kukosa nafasi ya kugeuka, kwa ajili ya jambo ambalo leo tunamwomba mtu akiri kwamba halikuwa jambo. Inachosha kuliko hasira.

Tukaitwa.

Jaji alikuwa na mafua. Alikuwa na leso mkononi na macho mekundu, na nadhani alikuwa anatamani kitanda kuliko mimi. Mke wangu na mama yake walikaa benchi la nyuma yangu.

Wakili wangu akaanza, na lazima nimpe haki yake, alisema vizuri. Hatubishi kwamba bastola ilipatikana, akasema. Lakini ilipatikana wapi? Chini ya mto? Kiunoni? Hapana. Ilipatikana kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu, kwenye karakana iliyo wazi mchana kutwa, pamoja na hereni moja, kitana, funguo za watu na meno ya bandia ya mzee mmoja. Ina kutu mpaka kifyatuo hakisogei. Haina risasi. Mtaalamu wa serikali mwenyewe aliandika kwamba ukitaka kumuumiza mtu nayo itabidi umrushie.

Jaji akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikaona dalili njema.

Kisha wakili wa serikali akasimama. Mtu mzima, mpole, na wapole ndio wa kuogopwa. Akasema bastola ndogo hakuna. Iwe na kutu, isiwe na kutu, mwenye duka akionyeshwa hatoulizia kutu. Na mrufani huyu, akasema, hajawahi kutaja alikoitoa. Mtu hafichi bure. Akakaa. Hakuchukua muda kabisa.

Jaji akapangusa pua, akanitazama mimi. Si wakili wangu, mimi.

"Hilo kopo ni la nini?"

Wakili wangu akaanza kujibu. Jaji akamwonyesha kiganja, akasema anataka kumsikia fundi.

Nikasimama. Nikamweleza kwamba makochi yanameza. Mtu anakaa, mfuko unaachia, kitu kinateleza kati ya mto na mkono wa kochi, na hapo mwenyewe kishampotea. Sisi tukilivua kochi nguo tunavikuta. Mzee aliyenifundisha kazi, tukimwita Mzee Springi, alikuwa na amri moja tu kuhusu hilo. Ulichokikuta ndani ya kochi ni cha mwenye kochi. Hukitumii, hukiulizi, humwonyeshi mtu wa tatu. Unakitia kwenye kopo, na siku ya kurudisha kochi unalifungua mbele ya mwenyewe achukue chake. Fundi anayesimulia yaliyomo ndani ya makochi ya watu hakai mjini. Tunakuta barua, Mheshimiwa. Tunakuta nguo za ndani ambazo si za mwenye nyumba.

"Na ulifuata amri hiyo hata kwa bastola?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo kazi niliyofundishwa."

"Sasa polisi walijuaje?"

Nikamwambia ukweli, kwamba alikuja mama wa hereni, nikalifungua kopo mbele yake kama inavyotakiwa, akaona alichokiona, akatoka mbio na kiatu kimoja. Polisi walifika hata kabla sijakipeleka kile kiatu kingine nje.

Kile ambacho sikumwambia jaji, wewe unakijua. Nililirudisha kochi kwa mkwe wangu mwenyewe, na kopo nimelishika kwapani. Akanikaribisha, akanipa chai. Akakaa kwenye lile kochi alilokuwa akikalia marehemu mume wake, akalipapasa mkono, akasema mikono yangu ibarikiwe.

Marehemu baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu. Mji mzima walimwita Mwalimu, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwahi kushika fimbo. Miaka yote ya kufundisha hakumchapa mtoto wa mtu. Sasa wewe unaingia kwa mjane wake, unamwambia, mama, shika bastola ya marehemu? Kwa mdomo upi? Nikamaliza chai, nikaaga, nikarudi na kopo langu. Nikasema nitarudi siku nyingine. Siku hiyo nyingine haikuja.

Jaji alitafuna kidonge chake cha koo. Kisha akasema maneno ambayo nikiamka bado nayasikia.

"Fundi, nakuelewa. Kama ulikuwa unamtunzia mwenyewe, basi wewe ulikuwa kabati tu, na mimi sifungi makabati. Hilo nitaliita kosa dogo na utakwenda nyumbani leo. Lakini kama hakuna mwenyewe, basi mwenyewe ni wewe. Hapo si dogo tena, na wakili wako anajua nina uwezo wa kukuongezea. Nenda nje ukafikiri. Nikirudi nataka unitajie mwenye kochi."

Akaondoka na leso yake.

Kwenye korido wakili wangu alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Jina tu, akaniambia. Neno moja na unalala kwako. Nikamuuliza huyo nitakayemtaja atafanywa nini. Akasema ataitwa, ataulizwa bastola aliipata wapi na aliificha kwa nini, na akijibu vibaya atashtakiwa, lakini hilo ni shauri lake mwenyewe. Akakimbilia kutafuta karatasi zake.

Mke wangu alikuwa amesikia. Akanitazama tu, akasema anakwenda kununua maji.

Nikabaki kwenye benchi. Mkwe wangu alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mbali na mimi, kama inavyotakiwa. Tangu nimuoe binti yake hatujawahi kukaa karibu, hata kwenye misiba, wala sijawahi kutamka jina lake, ndiyo adabu ya mkwe. Nikasikia anasogea. Akasogea tena. Mpaka mkoba wake ukanigusa.

"Lile kochi," akasema, akitazama ukuta, "ulilirudisha vizuri. Ila lilikuwa jepesi."

Nilidhani sikusikia sawasawa.

"Mimi ndiye niliyeiweka mle ndani, mwanangu."

Nikasema, "Mama."

"Niache niseme kabla mke wako hajarudi." Aliongea haraka, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mwalimu maumivu yalipomzidi alianza kusema hataki kutusumbua. Mimi nikadhani ni maneno ya mgonjwa. Siku moja nikaikuta chini ya godoro. Sijui alipewa na nani, sikuuliza. Risasi nilizitupa chooni. Lenyewe lilikuwa dude kubwa, nikaogopa wakija kunyonya choo litaonekana. Nikalishonea ndani ya kochi lake."

"Alilokuwa akilikalia?"

"Niliona hapo ndipo hatatafuta. Alitafuta kabatini. Alinituma nishushe masanduku. Alitafuta mpaka kwenye debe la unga, akiwa hawezi kusimama. Akichoka anarudi kukaa, amelikalia. Mimi namtazama. Akafa mwenyewe, kwa ugonjwa wake, nimemshika mkono. Binti yake anajua baba yake alikufa kwa amani, na ni kweli, alikufa kwa amani. Lakini mimi ndiye niliyemlazimisha asubiri."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Nilipokuletea kochi nilikuwa nakuletea hilo uliondoe. Nikasema huyu ni mkwe, akilikuta hataniuliza, atalipeleka mbali na yataisha. Sikujua habari za kopo."

Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kutaka kucheka na kulia kwa mdomo mmoja. Yeye alinipa nikaitupe kwa sababu mimi ni mkwe, nitaona haya kumuuliza. Mimi nikaitunza nimrudishie kwa sababu ndiyo kazi yangu, kisha nikaona haya kumrudishia. Haya zake na haya zangu ndizo zilizonifunga. Polisi walikuja kumalizia tu.

"Kila siku ya mahakama nilikuja na dawa zangu kwenye huu mkoba," akasema. "Nilijua leo utanitaja, watanichukua. Hukunitaja. Nikifika nyumbani nalia, halafu nashukuru, halafu naona aibu kwamba nashukuru. Asubuhi pale kwako nilikuwa najisema mwenyewe. Leo basi. Akirudi yule jaji nitasimama niseme kochi ni langu."

"Mama, huko ndani hakuna kiti."

"Nini?"

"Hakuna kiti. Ni sakafu. Unakaa chini, unalala chini. Wewe ukishuka chini huinuki."

"Wataniinua."

"Nani?"

Nimekaa kule, najua nani anamwinua nani. Nilimwona mtu mzima wa rika lake akilala pale alipoangukia mpaka asubuhi, kwa sababu kila mtu alikuwa na taabu yake. Sikumwambia hilo.

Akashika mkono wa shati langu, lile shati lililopigwa pasi.

"Basi nisaidie hivi. Mimi nitasema ni langu. Lakini mke wako asijue baba yake alikuwa anaitafutia nini. Alimpenda mno, unajua. Niahidi."

"Mama, hilo ndilo swali watakalokuuliza la kwanza. Utaapishwa, na yeye atakuwa amekaa pale pale."

Nikaona limemwingia. Uso wake ulizeeka nikiutazama. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, dawa, viatu, kukamatwa, ila hilo hakuliwaza. Kwamba hawezi kulitoa kochi peke yake. Akilitaja kochi, Mwalimu naye atatoka, na binti yake atamsikia baba yake akikitafuta kifo kwenye debe la unga.

Mke wangu akatokea na maji. Akasimama. Akatazama mkono wa mama yake kwenye shati langu, akatutazama sote wawili tulivyobanana.

"Mnafanya nini?"

"Tunaomba," akasema mama yake.

Mke wangu akanipa chupa ya maji, na karani akatuita ndani.

Nikwambie jinsi nilivyoamua? Sikuamua kishujaa. Nilikuwa nimechoka. Nilipiga hesabu fupi ya mtu aliyechoka. Mimi sakafu ile naijua, najua kona isiyo na upepo, najua nani wa kumwamkia kwanza. Nikirudi nitampoteza mke, ameshanitamkia, na ameshapanga. Nikimtaja mama yake nitampoteza vile vile, na tutakuwa tumempoteza mama, na Mwalimu atazikwa mara ya pili. Kwa vyovyote nalala peke yangu. Basi na nilale peke yangu mmoja, wengine walale kwao.

Jaji aliingia, tukasimama, tukakaa. Alikuwa na haraka.

"Haya, fundi. Kochi la nani?"

Wakili wangu akanigeukia, anatabasamu, kalamu tayari.

"Mheshimiwa," nikasema, "hakuna mteja. Kochi ni langu."

Lile tabasamu sikutaka kuliangalia likiondoka, nikatazama mbele. Wakili wa serikali aliinua kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza.

Jaji alivua miwani. "Unaelewa ulichokisema?"

"Naelewa."

"Wakili wako ametumia asubuhi nzima kunieleza kwamba ulikuwa unamtunzia mtu. Wewe mwenyewe umenieleza habari za kopo, nikakuamini. Sasa unaniambia ulikuwa unajitunzia mwenyewe?"

"Kochi ni langu, Mheshimiwa, na kilichokuwa ndani ni changu. Naomba iishie hapo."

"Haitaishia hapo," akasema jaji, na hakusema kwa hasira. Alionekana kuchoka kama mimi. Akavaa miwani yake, akachukua kalamu.

"Anadanganya."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Nilijua ni ya nani kabla sijageuka, nimelala na sauti ile miaka.

Askari wa mahakama alimwonyesha akae. Mke wangu hakukaa. Jaji akamuuliza yeye ni nani, akajibu ni mke wa huyu bwana. Jaji akamwambia hapa si mahali pake pa kusema. Akajibu kwamba anajua, na kwamba atasema kidogo tu.

"Sisi kwetu hatuna kochi, Mheshimiwa. Hatujawahi kuwa nalo. Tuna viti vya mbao vinne na mkeka. Huyu anawashonea watu wote hapa mjini, kwake anasema atashona mwakani."

Kuna watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nikamatwe sikuona ule uchovu machoni mwake. Niliona kitu kibaya zaidi, nilimwona anafikiri.

"Nimejiuliza miezi yote hii ni jambazi gani ambaye mume wangu anampenda kiasi hiki," akasema. "Maana huyu ni mwoga. Kwa jambazi angesema siku ya kwanza. Yuko mtu mmoja tu ambaye huyu anaweza kufungwa kwa ajili yake bila kumtaja, kwa sababu hata jina lake hajawahi kulitamka."

Akaacha kumtazama jaji, akaacha kunitazama mimi. Akainama kwa aliyekaa pembeni yake.

"Mama," akasema, taratibu, kwa ile sauti yake ya chini. "Kochi ni la baba. Baba alikuwa na bastola ya nini?"

Hakuna aliyemkatiza, hata jaji. Mkwe wangu hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi, akisubiri nimjibie.